Maji ya Kunduchi: mgeni hulipa, mita si yake

Na Mwandishi Wetu

MGENI kutoka nje ya nchi anayetafuta nyumba ya kupanga Kunduchi huuliza habari za usalama, barabara na maji. Kuhusu maji, dalali humjibu kwa maneno mawili tu: maji yapo.

Jibu hilo si uongo, ila halijakamilika. Maji yanaweza kuwapo kwa maana kwamba nyumba ina mita ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA). Yanaweza kuwapo kwa maana kwamba uani kumechimbwa kisima. Yanaweza pia kuwapo kwa maana kwamba kuna tanki kubwa juu ya mnara, na namba ya simu ya mwenye boza imeandikwa kwenye ukuta wa jikoni. Tofauti ya hayo matatu huonekana mwisho wa mwezi, wakati mpangaji ameshalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima na dalali ameshachukua chake.

Wageni wengi hufika na mazoea ya kwao. Nchini Uingereza, kwa mfano, anayeandikishwa kuwa mteja wa maji kwa kawaida ni yule anayeishi ndani ya nyumba, hata kama ni mpangaji. Akihama, hutoa usomaji wa mita, hulipa alichotumia na akaunti yake hufungwa. Tangu mwaka 1999 sheria ya huko imekataza kampuni za maji kukata huduma ya nyumba ya kuishi kwa sababu ya deni. Mtu aliyezoea utaratibu huo anapopewa funguo za nyumba ya Kunduchi hudhani kazi iliyobaki ni kwenda ofisi ya maji na pasipoti yake, ajiandikishe.

Hapo ndipo anapokwama. Kwa utaratibu wa hapa, huduma ya maji hufuata nyumba, haimfuati mtu. Anayeomba kuunganishiwa maji kwa kawaida hutakiwa kujaza fomu, kuambatisha picha na nakala ya kitambulisho, kuonyesha uthibitisho wa umiliki, na kutambuliwa na serikali ya mtaa. Kisha fundi huenda kupima umbali kutoka bomba lilipo, na gharama hukadiriwa kwa kipimo hicho.

Kitambulisho si tatizo kubwa. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi, kiwe cha daraja A la wawekezaji, B la waajiriwa au C la makundi mengine, anaweza kuandikishwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) na kupewa kitambulisho cha mgeni mkaazi. Kikwazo ni umiliki. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 hakimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo huipata kupitia taasisi ya serikali inayosimamia uwekezaji. Mwalimu wa shule ya kimataifa au mhandisi wa mkataba wa miaka miwili hawezi, basi, kuwa na hati ya kiwanja cha Kunduchi. Yeye ni mpangaji, na mita ina jina la mwenye nyumba.

Athari zake ni za kawaida sana, na pengine ndiyo maana hazizungumzwi. Ujumbe wa ankara hutumwa kwenye simu iliyoandikishwa, yaani ya mwenye nyumba, ambaye huenda anaishi Mwanza au Muscat. Akichelewa kuupeleka kwa mpangaji, deni hukua. Fundi wa kukata maji anapofika getini hakabiliani na aliyetia saini fomu, bali na familia inayoishi humo, ambayo haikuwahi kuiona ankara hiyo. Zaidi ya hapo kuna deni la mpangaji aliyetangulia. Kwa kuwa akaunti ni ya nyumba, deni hubaki na nyumba, na anayehamia hulikuta kama alivyokuta misumari ukutani.

Ni kosa kudhani kwamba haya ni matatizo ya wageni tu. Dar es Salaam, iliyohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, ni jiji la wapangaji. Familia tano katika nyumba moja ya Kunduchi Mtongani hugawana ankara kwa idadi ya vichwa au kwa ndoo, na mmoja asipotoa fungu lake wote hukatiwa. Tofauti ni kwamba mgeni hushangaa na kuuliza, ilhali mwenyeji alishazoea siku nyingi.

Jambo linaloongeza uchungu ni kwamba Kunduchi haiko mbali na maji. Mtambo wa Ruvu Chini, ulioanza kazi mwaka 1976, huleta maji jijini kwa bomba kuu linalofuata upande wa Barabara ya Bagamoyo, likipita Bunju na Tegeta kuelekea matangi ya Chuo Kikuu. Upanuzi uliogharimiwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia uliongeza uwezo wa mtambo huo kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku. Bomba likipita jirani namna hiyo na mtaa hauna maji, vishoka hupata kazi. Mpangaji asiyejua asili ya bomba lililoingia uani kwake anaweza kujikuta anatumia maji ya wizi bila kukusudia.

Hata aliyeunganishwa kihalali hana uhakika wa kila siku. Mto Ruvu ukipungua, jiji zima huhisi, kama ilivyokuwa Oktoba 2022 DAWASA ilipotangaza mgao. Ujenzi wa bwawa la Kidunda, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Novemba 2022, unakusudiwa kuyahifadhi maji ya masika yatumike wakati wa kiangazi.

Kisima nacho si kimbilio la kuaminika. Ardhi ya Kunduchi ni ya pwani, yenye mawe ya chokaa, na kadiri maji ya chini yanavyovutwa ndivyo chumvi ya bahari inavyosogea. Maji ya visima vingi hufaa kufulia na kumwagilia bustani, si kupikia chai. Nyumba nyingi pia hutumia mashimo ya majitaka, kwa hiyo umbali kati ya shimo na kisima, cha nyumbani au cha jirani, ni jambo la kuulizia mapema. Kisima kirefu huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Linabaki boza. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 100, uniti imefika shilingi 5,000. Kila anayenunua kwa dumu au kwa boza afanye hesabu hiyo kabla ya kulalamikia ankara ya bomba. Mgeni mwenye mshahara wa kigeni anaweza kuimudu. Mama lishe wa Mtongani hawezi, naye ndiye anayenunua kwa dumu.

Wageni na maji ya Dar es Salaam wana historia nyingine pia. Agosti 2003 huduma ilikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mbia wa hapa nchini, kwa mkataba wa miaka 10. Haikumaliza hata miwili. Mei 2005 Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja, na mameneja watatu wa kigeni wakaondolewa nchini. Julai 2008 baraza la usuluhishi la ICSID liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini halikuamuru fidia yoyote. Miongoni mwa mambo yaliyoilemea kampuni hiyo ni kukusanya malipo pungufu ya ilivyotarajiwa. DAWASCO ikashika kazi, hadi mwaka 2018 ilipounganishwa na DAWASA.

Wasimamizi wamebadilika, malipo yamehamia kwenye simu na namba za kumbukumbu, lakini swali la nani hasa ni mteja halikuguswa. Na si kwamba haliwezekani. Shirika la umeme lililijibu kwa LUKU: anayeishi ndani ndiye anayenunua, na mpangaji mpya hakuti deni la matumizi ya aliyemtangulia. Wizara ya Maji imekuwa ikizihimiza mamlaka kufunga mita za malipo ya kabla. Zikifika Kunduchi, zitamwondolea mpangaji hofu ya deni la mtu mwingine.

Hazitaondoa yote. LUKU yenyewe, tangu Agosti 2021, hutumika kukusanya kodi ya majengo, na anayekatwa ni mnunuzi wa umeme, aghalabu mpangaji, kwa nyumba isiyokuwa yake. Sheria inamtaka mwenye nyumba amrudishie au ampunguzie kwenye kodi ya pango. Wangapi wamewahi kurudishiwa?

Kwa sasa, anayepanga Kunduchi, awe mgeni au mwenyeji, hana budi kujilinda kwa karatasi. Aombe namba ya akaunti ya maji kabla ya kutia saini, na aulize deni lake katika ofisi ya DAWASA, si kwa dalali. Mkataba wa pango useme nani analipa maji, na nani atalipa boza bomba likikauka wiki mbili. Siku ya kukabidhiwa funguo, aipige picha mita pamoja na mwenye nyumba au mwakilishi wake, na usomaji uandikwe kwenye mkataba. Kisha afungue bomba la uani, lile lililo kabla ya tanki, aone kama linatoa maji.