Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Tuzo Yahesabiwa na Nani?

Ndugu wapenda haki, nanyi waumini wenzetu wa Utange, Kisauni na pwani nzima,

Wako watakaotushangaa. Watauliza: kurasa hizi zilizozoea kunena habari za katiba na daftari la wapiga kura zimeingiliaje mambo ya ngoma? Jibu letu ni fupi. Popote litajwapo neno kura, hapo pana shughuli yetu. Na katika mashindano ya kucheza yanayoonyeshwa kwenye runinga neno hilo halikauki vinywani: piga kura, mwokoe umpendaye, wewe ndiwe mwamuzi. Sisi twasema kwamba mara nyingi mwamuzi ni mwenye kipindi, na mtazamaji huitwa tu aje kuubariki uamuzi uliokwisha kutengenezwa. Kijana anayezoeshwa kura ya namna hiyo leo, kesho ataikubali na ya ubunge.

Tuanze na tuliloliona wenyewe. Kundi la vijana wa mtaa wetu, waliojifunza sengenya na mwanzele katika ukumbi wa kanisa, walichanga nauli wakaenda kwenye majaribio ya shindano moja ambalo hatutalitaja jina. Walipanga foleni tangu alfajiri. Walipoingia, kabla hawajapiga hata hatua moja, waliulizwa: Ni nani kati yenu aliye yatima? Ni nani amewahi kulala barabarani? Mna wafuasi wangapi mtandaoni? Wakajibu kweli tupu, kwamba wana wazazi, wana makao, na wafuasi wao ni majirani. Wakapewa dakika moja ya kucheza, wakashukuriwa, wakaonyeshwa mlango. Hatuwaonei kijicho waliochukuliwa. Huenda machozi yao yalikuwa ya haki. Tunalolikataa ni kuita shindano la ngoma jambo ambalo ngoma ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuulizwa.

Sababu haijifichi. Kituo cha runinga huishi kwa matangazo, na bei ya tangazo hutokana na wingi wa macho. Kwa hiyo mtayarishaji hamtafuti mchezaji bora. Amtafuta yule atakayewafanya watu warudi wiki ijayo. Wala hana haja ya kuiba kura hata moja. Huyu atapewa dakika tatu za kusimulia maisha yake, mama yake aonyeshwe akilia. Yule ataonyeshwa miguu tu. Huyu atawekwa mwisho wa kipindi ili akumbukwe. Yule atatangulia watu wakiwa bado wanakula. Kura inapofunguliwa, moyo wa mtazamaji umekwisha kupangiwa pa kwenda.

Wasije wakatwambia kwamba haya ni malalamiko ya walioshindwa. Tuzitazame nchi zenye mashindano makubwa kuliko yetu. Marekani, katika Dancing with the Stars, mtangazaji wa redio Bobby Bones alitwaa ubingwa mwaka 2018 ilhali alama za majaji wake zilikuwa duni. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa, majaji wakapewa uwezo wa kumwokoa mmoja kati ya wawili wa mwisho. Mwaka huohuo wa 2019 aliyekuwa msemaji wa Rais Trump, Sean Spicer, aliletwa jukwaani. Hakuletwa kwa wepesi wa miguu yake. Aliletwa kwa kuwa wampendao na wamchukiao wote wangetazama, naye akabaki wiki baada ya wiki kwa alama za chini. Uingereza nako, mwanahabari John Sergeant alijitoa mwenyewe katika Strictly Come Dancing mwaka 2008, akihofu kwamba kura za umma zingeweza kumpa ushindi asiostahili kwa uchezaji wake. Mwaka huohuo wa 2008 wasimamizi wa utangazaji wa nchi hiyo, Ofcom, walikitoza kituo cha ITV faini ya pauni milioni 5.675, kwa sababu ya vipindi vilivyowahadaa watazamaji waliopiga simu za malipo. Ikiwa huko kwenye mkaguzi mwenye meno mambo yamekuwa hivi, je, pasipo mkaguzi?

Hapa kwetu mchezo wa kumchagua mshindi kwa ujumbe wa simu ulipata umaarufu mkubwa na Tusker Project Fame iliyoanza mwaka 2006, shindano la kuimba lililofadhiliwa kwa jina la bia. Kisha Citizen ikatuletea Sakata Mashariki, nalo likawatoa vijana wengi wacheza densi gizani. Hatuna shtaka juu ya washindi wao. Shtaka letu ni juu ya kura ya namna hii yenyewe: kwamba mwenye salio kubwa la simu aweza kupiga kura mara nyingi, na asiye nalo hapigi hata moja. Hiyo si kura, ni mnada.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi twajua tuzo hutolewaje. Mtu huinuka, huingia uwanjani, humbandika mchezaji noti kwenye paji la uso, na umma wote huona ni nani katoa na ni nani kapokea. Hata zamani za beni hapa Mombasa, Kingi waliposhindana na Scotchi, fahari ya matajiri ilikuwamo, na ubadhirifu ulikuwamo; lakini wote walijua ni nani aliyeilipia fahari ile. Tuzo ya ujumbe wa simu haionekani. Hutoka mfukoni mwa kibarua wa Utange, ikapita kwa kampuni ya simu na kituo, na mchezaji aliyekusudiwa huenda asiipate hata senti.

Sisi ni watu wa kuyajua haya kuliko wengine. Mwaka 1988 tulipangishwa milolongo. Tuliiona kwa macho mirefu na mifupi, kisha wenye mifupi wakatangazwa washindi. Viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema kwamba ule ni uovu, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa katika katiba. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa rais, ilitufundisha kwamba njia ya kuhesabu ina uzito sawa na hesabu yenyewe. Na mwaka 2022 fomu za matokeo ya urais kutoka vituo 46,229 zilibandikwa hadharani, kila raia ajumlishe mwenyewe. Basi ikiwa kura za kumpata rais zaweza kuanikwa, ni siri gani iliyomo katika kura za kumpata mcheza ngoma?

Watasema ni burudani tu. Haya, na waiite burudani, waache kuiita kura.

Kwa hiyo twadai, kwa vituo vyote na kwa Mamlaka ya Mawasiliano inayovipa leseni:

Kwanza, hesabu ya kura za kila mchezaji itangazwe, ikaguliwe na mtu asiye na fungu katika kituo wala kwa mfadhili.

Pili, simu moja iwe kura moja, bila malipo.

Tatu, kanuni zichapishwe kabla ya shindano, zisiguswe hadi liishe.

Nne, kila mchezaji apewe dakika sawa mbele ya kamera.

Nasi wenyewe tusijitoe lawamani. Wengine wetu tumewahi kusimama baada ya ibada na kuwahimiza waumini wachange salio ili mtoto wa jirani asitolewe. Tulidhani twamsaidia, kumbe twawafunza watoto wetu kwamba ushindi hununuliwa, na kwamba kanisa ni mahali pema pa kuchangia ununuzi huo. Tukome. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, wamkemea ampaye kiti cha heshima aliyevaa pete ya dhahabu na kumwacha maskini amesimama. Runinga imebadili mavazi tu: leo hukalishwa mwenye wafuasi au mwenye machozi, na mwenye ufundi akasimama nje.

Vijana wetu wa sengenya na mwanzele wangali wakifanya mazoezi. Tuwape uwanja hapahapa Utange, majaji wakae mbele ya watu, na kura zihesabiwe kwa sauti hadi ya mwisho. Atakayeshindwa ajue ameshindwa na nani, na kwa kura ngapi. Hicho ndicho tulichokidai kwa serikali, na hatukioni kuwa kikubwa mno kukidai kwa wenye runinga.