Gitaa Limenifungua Masikio

Mwaka uliopita nilipata 7 kwa 20 katika mtihani wa toni. Kanuni nilizijua. Lakini mwalimu alipotutamkia maneno ili tuyawekee alama, niliandika kwa kubahatisha. Kiswahili, lugha niliyokulia hapa Lubumbashi, hakitofautishi maneno kwa toni. Sikio langu lilizoea mkazo tu.

Likizo ile, jirani yetu wa Katuba, mzee seremala, akaanza kunifundisha gitaa. Anapiga kwa mtindo wa zamani wa Katanga, ule wa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu. Vidole viwili tu! Nilidhani ni rahisi. Wiki tatu gumba langu liligoma: shahada ikianza wimbo, gumba linasimama. Mzee hakunipa maelezo marefu. “Mutoto wangu, acha kuangaria mukono. Sikia kwanza.”

Nikasikia. Kwanza uzi uliolegea, kabla yeye hajaniambia. Kisha, jioni moja, nkambo wangu aliniita kwa Kiluba, nami nikasikia sauti yake ikipanda na kushuka ndani ya neno moja. Miaka yote nilikuwa namjibu kwa Kiswahili, naye alishachoka kunirekebisha. Nilimwomba arudie. Nikarudia, akacheka, akanirekebisha. Sasa tunafanya hivyo karibu kila jioni. Ana miaka 81. Maneno ambayo sitayasikia kwake, nani mwingine nyumbani atanipa?

Sisemi kwamba gitaa linaleta alama. Katika marudio nilipata 12, lakini nilisoma sana pia. Wala sijawa mpigaji. Mtu akinisikia leo hatanilipa hata soda. Wenzangu husema ala ni ya wenye pesa na muda, wakati sisi tunahangaikia ada. Nami sina gitaa: naazima la mzee, nusu saa, akimaliza kazi. Nilichopata ni uvumilivu wa kukosea mbele ya mtu, na sikio linalongoja kabla ya kuhukumu. Mwanaisimu anahitaji vyote viwili.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wetu. Somo la toni huanza na alama ubaoni. Lianze na sikio. Wote tunajua Kilingala: “kokoma” ya kuandika na “kokoma” ya kufika zinatenganishwa na toni. Tuzipige mluzi kwanza, tuzitafute kwenye likembe au gitaa, ndipo tuziandike.

Nanyi wanafunzi wenzangu, mtafuteni mzee mmoja mtaani anayepiga ala yoyote, mkamwombe awafundishe. Msingoje kuwa na kipaji. Mimi sina, na bado kila jioni ninarudi kwake.