Kosa la Jana Mbele ya Mlango wa Ugenini

Juma lililopita alinijia mama mmoja, jirani yangu hapa Buhinyuza, mjane wa askari, akiwa na bahasha mkononi. "Mwalimu," alisema, maana jina hilo limenibakia hata baada ya kuacha chaki na kukaa ofisini, "nisomee barua hii. Mwanangu ameisoma, akanyamaza, tangu hapo hali chakula."

Nikaisoma. Kijana wake alikuwa ameomba viza ya nchi moja ya ng'ambo ili ahudhurie harusi ya dada yake. Miaka minne nyuma, kijana huyo alipigana kwenye kilabu cha pombe, akahukumiwa, akakaa gerezani miezi mitatu. Katika karatasi za maombi palikuwa na swali: je, umewahi kuhukumiwa kwa kosa lolote, katika nchi yoyote? Akajibu, "Hapana." Lakini kati ya karatasi alizotakiwa kuambatisha palikuwa na nakala ya kumbukumbu zake za hukumu, na humo miezi ile mitatu imeandikwa waziwazi. Amekataliwa, wala hakukataliwa kwa sababu ya ngumi. Amekataliwa kwa sababu ya neno "Hapana."

Nimeona jambo hili lafaa kuzungumzwa katika ukurasa huu, kwa kuwa nyumba nyingi za askari na polisi zina ndugu walio mbali, na watoto wetu wanasafiri kuliko sisi tulivyosafiri.

Kwanza tukubaliane kwamba kila nchi ina haki ya kumchagua mgeni wake, kama vile mwenye nyumba anavyomwuliza abishaye hodi, "Nani?" Hata majirani zetu wana sheria hizo. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 inataja kundi la watu wanaoitwa wahamiaji waliopigwa marufuku, na mtu aliyepata kufungwa kwa kosa anaweza kuhesabiwa miongoni mwao. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010. Itifaki hiyo inawapa raia uhuru wa kwenda na kurudi, lakini inaziachia nchi wanachama nafasi ya kuuwekea uhuru huo mipaka kwa ajili ya usalama, utaratibu na afya ya umma. Kwa hiyo anayevuka Kobero kwenda Kabanga na mzigo wake wa maharagwe asidhani kwamba mlango ule hauna bawabu.

Nchi za mbali ni kali zaidi. Tuchukue mfano wa Kanada. Huko hawatazami tu jina la kosa kama lilivyoandikwa katika nchi ya msafiri. Wanauliza: tendo hili lingefanyika kwetu, sheria yetu ingeliitaje? Hivyo ugomvi ambao sisi tunauona mdogo waweza kuwa sababu ya kufungiwa mlango. Aliyeendesha gari akiwa amelewa yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa maana tangu tarehe 18 Desemba, 2018 Kanada imeliweka kosa hilo katika daraja la makosa mazito, ikiwa imepandisha adhabu yake ya juu hadi kifungo cha miaka kumi. Dereva aliyelipa faini yake na kusahau, faili haikusahau.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo imeacha dirisha wazi. Ikipita miaka mitano tangu mtu amalize adhabu yake yote, anaweza kuomba atambuliwe kuwa amejirekebisha. Kwa baadhi ya makosa yasiyo mazito, likiwa ni kosa moja tu, miaka kumi ikipita bila kosa jingine huenda akahesabiwa hivyo hata bila kuomba. Na mwenye safari ya lazima kabla ya hapo anaweza kuomba kibali cha muda. Lakini anayesema uongo katika maombi hufungiwa miaka mitano kwa ajili ya uongo huo. Marekani ni kali zaidi, kwani uongo katika maombi ya viza waweza kumzuia mtu maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hapa inaishia dirishani pa ofisi.

Liko kosa jingine la fikira ambalo nimelisikia mara nyingi. Mwezi Machi, 2021 Rais wa Jamhuri aliwasamehe wafungwa zaidi ya elfu tano. Wengi walirudi kwenye milima yao kwa furaha, na wapo waliodhani kwamba hukumu zao zimefutika. Sivyo. Msamaha wa namna hiyo huondoa adhabu iliyobaki, lakini hukumu yenyewe hubaki katika kumbukumbu. Kurudishiwa heshima kisheria ni jambo lingine, lenye utaratibu wake mbele ya mahakama. Vilevile askari atofautishe adhabu ya nidhamu kambini na hukumu ya mahakama ya kijeshi. Ya pili ni hukumu kama hukumu nyingine.

Basi tufanyeje nyumbani? Kwanza, tutunze karatasi: nakala ya hukumu, stakabadhi ya faini, cheti cha kutoka gerezani. Ziwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule, zisifungiwe karanga. Pili, kabla ya kujaza maombi, mtu aombe kwanza nakala ya kumbukumbu zake parke, aisome mwenyewe, ajue kilichoandikwa. Tatu, aliulizwalo alijibu kwa kweli, kisha aeleze kwa ufupi kosa lilikuwa nini, alilipa nini, na ameishije tangu hapo. Mficha uchi hazai.

Nanyi ndugu zangu polisi, niruhusuni neno moja. Kalamu mnayoandikia maelezo ya ugomvi wa kilabuni usiku ni nyepesi mkononi, lakini maandishi yake yatavuka mito ambayo ninyi hamtaivuka. Andikeni lililotendeka, lisipungue wala lisizidi.

Yule mama aliponisikiliza aliuliza, "Sasa mwanangu amekwisha?" Nikamjibu, "Hapana, Mama. Amechelewa." Jioni kijana alikuja mwenyewe. Tulikaa tukaandika barua mbili: moja ya kuungama uongo wake kwa ofisi ile, nyingine kwa dada yake. Ya pili ndiyo iliyomshinda. Harusi itafanyika bila yeye, na picha italetwa.

Kijana aliyemaliza adhabu yake amelipa deni. Tusimfundishe, kwa aibu yetu sisi wazazi, kukopa deni jingine kwa ulimi.

Tukutane juma lijalo.