Kabla ya kununua stendi, tazama sakafu yako

Mwezi huu nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya sare za shule na bei zake. Sare zitangoja. Tangu toleo lililopita nimeulizwa kuhusu pikipiki mara tatu: mara mbili na wanafunzi, na mara moja na mama mmoja wa Pretoria ambaye mwanawe amenunua, kwa maneno yake, "ile ya kulalia tumbo". Wote wanauliza jambo moja: kijana anataka stendi ya kunyanyulia pikipiki, zimejaa madukani, anunue ipi?

Najibu kama mtu asiyeendesha. Naogopa hata kukalia kiti cha nyuma. Lakini stendi nimeijua kwa lazima.

Tunakaa Mayfair, nyumba ya kupanga, ya zamani, na ua wake umetandikwa matofali madogo kama nyua nyingi za Johannesburg. Umeinamishwa kidogo kuelekea getini ili mvua za alasiri za Desemba na Januari zisituingilie ndani. Mteremko wenyewe huuoni kwa macho. Mpira wa Salma ndio unaouona.

Baba Salma alinunua Yamaha R6 ya mkono wa pili mwaka juzi. Alikulia Tanga na pikipiki anazijua tangu ujana, kwa hiyo sikuwa na hoja ya kumzuia. Ila pikipiki za kwetu, zile Boxer na TVS za bodaboda, zina stendi mbili: ya pembeni, na ile ya katikati unayoikanyaga huku ukivuta pikipiki nyuma. Tairi la nyuma linabaki hewani na fundi anakaza cheni chini ya mwembe bila wasiwasi. Pikipiki ya mashindano haina hiyo ya katikati. Ingeongeza uzito bure, chini ya tumbo pamebanana na bomba la moshi, na chuma kinachoning'inia kingekwaruza lami pikipiki inapolala kwenye kona. Imebaki ya pembeni tu.

Sasa cheni utaipakaje mafuta? Unasukuma pikipiki hatua moja, unapaka, unasukuma tena, ua unakwisha. Na hapa cheni haitaki uvivu. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni ukavu mtupu, upepo unapeperusha vumbi, na likichanganyika na mafuta ya cheni linasaga kama msasa. Cheni inataka kusafishwa na kupakwa mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000 hivi, na Baba Salma akienda Hartbeespoort kila Jumapili asubuhi kilomita hizo hazikawii.

Ndipo inapoingia stendi ya kunyanyulia, ambayo madukani huku huitwa pedoki stendi. Ni fremu ya bomba la chuma yenye magurudumu madogo mawili na mpini mrefu. Unaisukuma chini ya tairi la nyuma, unakandamiza mpini, nyuma ya pikipiki inapanda.

Ya kwanza aliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Ilikuwa na vikono viwili vya umbo la L vilivyovikwa raba, vinavyokaa chini ya mkono wa nyuma, yaani ile fremu ya chini inayoshika tairi. Jioni moja umeme ulikuwa umekatika, na Salma, wakati huo ana miaka 10, alikuwa anamshikia baba yake tochi. Pikipiki ilikuwa imeelekezwa getini. Hakuna aliyeufikiria mteremko. Baba Salma akaweka spana kwenye nati ya ekseli ya nyuma, ambayo hukazwa kwa nguvu sana, akavuta. Pikipiki ikasogea mbele labda upana wa kiganja. Mpini ukainuka, raba zikateleza, na kilo 190 zikaanguka upande wa kulia. Hiyo ni karibu mifuko minne ya saruji. Salma alikuwa ameiweka tochi chini dakika ileile ili aende kuchukua kitambaa. Tulipoinyanyua pikipiki, tochi ilikuwa bapa.

Nilisema mengi usiku ule, mengine siyaandiki. Nililolishikilia ni moja: pikipiki hainyanyuliwi tena katika ua huu mpaka mimi mwenyewe nielewe inanyanyuliwaje. Baba Salma akasema, "Haya Mama Salma, nenda dukani wewe." Nadhani alitegemea nitachoka. Nikaenda, maduka manne, Jumamosi mbili.

Kila muuzaji alianza na bei au rangi. Mmoja tu, mzee wa makamo huko Midrand, aliniuliza swali la maana: "Mkono wa nyuma wa pikipiki yenu uko pande zote mbili za tairi, au upande mmoja?" Sikujua. Nikampigia Baba Salma. Pande zote mbili. Kumbe kuna pikipiki, kama Ducati kadhaa, ambazo tairi la nyuma limeshikwa upande mmoja tu, na upande wa pili liko wazi kama la gari. Hizo zinahitaji stendi ya aina yake, yenye pini inayoingia kwenye tundu la ekseli, na pini yenyewe lazima iwe ya kipimo cha pikipiki hiyo. Ukinunua ya kawaida umenunua chuma cha kuanikia nguo.

Swali la pili: je, kwenye mkono wa nyuma, karibu na ekseli, kuna matundu yenye nyuzi za skrubu? R6 inayo. Hapo hufungwa vibobini viwili, kimoja kila upande, vinafanana kabisa na bobini ya cherehani. Kisha stendi haitumii tena raba. Inatumia vikono vyenye mdomo wa V vinavyoshika bobini kwenye kiuno chake. Pikipiki haiwezi kuteleza mbele wala pembeni kama ilivyoteleza kwetu. Tofauti niliiona palepale dukani mzee alipoitikisa pikipiki ya maonyesho iliyokuwa juu ya stendi: ilitikisika pamoja na stendi, kama kitu kimoja.

Vibobini navyo vina kipimo. Yamaha nyingi zinatumia skrubu ya M6, Honda na Suzuki nyingi M8, Kawasaki na KTM nyingi M10. Angalia kitabu cha pikipiki yako, usiangalie cha rafiki. Na usikaze kwa hasira: mkono wa nyuma ni wa aluminiamu, nyuzi zake zikikatika, gharama ya kuzitengeneza inaipita stendi. Pikipiki isiyo na matundu haina budi kutumia raba, na hapo uhodari wa sakafu unakuwa kila kitu.

Sakafu ndiyo iliyotuangusha. Jina pedoki lenyewe linatoka viwanja vya mashindano, ni lile eneo la nyuma ya gereji za timu. Tulimpeleka Salma Kyalami, ule uwanja wa Midrand ulioandaa mbio za dunia za pikipiki miaka ya 1983 hadi 1985 na tena 1992. (Yeye alitaka kujua tu kama Brad Binder amewahi kupita hapo. Tangu aliposikia kwamba bingwa wa dunia wa Moto3 wa 2016 ni mtoto wa Potchefstroom, nyumba haina amani.) Mimi nilikuwa natazama chini. Sakafu ya gereji zile ni sawa kama meza, ngumu, haina ufa. Stendi hizi zilibuniwa kwa ajili ya mahali kama pale, halafu sisi tunazileta kwenye matofali ya kupangwa, yenye mifereji inayomeza magurudumu madogo.

Kwa hiyo nilinunua stendi ya tatu niliyoonyeshwa. Haikuwa ya bei ya juu kabisa, lakini ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Magurudumu yake ni mapana, miguu iko mbalimbali, vikono vya V vinasogezwa kulingana na upana wa mkono wa nyuma na kukazwa kwa boliti, na mpini ni mrefu wa kutosha kiasi kwamba hata mimi naukandamiza. Mpini mfupi unakufanya uruke juu yake kwa mwili mzima, na ukiruka, mkono ulioshika kiti unaachia. Nikanunua pia ubao mnene wa plaiwudi, tukautandika ukutani mwa nyumba, sehemu pekee ya ua iliyo sawa. Kama huna sehemu iliyo sawa hata kidogo, elekeza pua ya pikipiki kwenye mlima. Ikitaka kurudi nyuma inazidi kuulalia mpini chini. Ikielekea bondeni inauinua, na hapo mnajua kilichotupata. Mteremko wa ubavuni usiujaribu kabisa.

Wanafunzi mnaonunua vya mkono wa pili: geuza stendi chini juu, tazama maungio ya kuchomelea kama yana ufa, zungusha magurudumu, kisha simama nyuma yake uone kama vikono viwili viko usawa mmoja. Iliyopinda upande itanyanyua pikipiki ikiwa imeinama.

Nyumbani tuna utaratibu, na nimeuandika ukutani. Nati ya ekseli inalegezwa kidogo pikipiki ikiwa bado chini, ili spana nzito isivutwe ikiwa juu. Gia iwe huru, stendi ya pembeni ibaki imefunguliwa. Mara za kwanza watu wawe wawili: mmoja anashika usukani na kuisimamisha wima, mwingine anahakikisha bobini zote mbili zimeingia kwenye V kabla ya kukandamiza. Ikishapanda, breki ya mbele inafungwa kwa mkanda ili tairi la mbele lisibingirike. Mtoto hakai ndani ya urefu wa pikipiki, tochi au bila tochi. Tukiwa na wageni wenye watoto, pikipiki inashushwa, kwa sababu mtoto akiona kiti kitupu atakipanda.

Na injini haiwashwi. Hili nalitilia mkazo kwa vijana, maana wanaonyeshana. Tairi likiwa juu, wanatia gia ili cheni ijizungushe yenyewe huku wanaifuta kwa kitambaa. Ndugu yetu mmoja kutoka Mombasa, anakaa Kempton Park, alifanya hivyo. Kitambaa kilinaswa na sproketi na kikavuta mkono. Ncha ya kidole cha shahada haikurudi. Tairi linazungushwa kwa mkono, polepole, na kitambaa kinashikwa upande ambao cheni inatoka kwenye sproketi, kamwe si upande inapoingia.

Faida moja sikuitarajia. Tukienda nyumbani Desemba, pikipiki hukaa wiki sita bila kuguswa. Zamani tairi la nyuma lilikuwa linalalia palepale muda wote huo. Sasa tunaiacha juu ya ubao, imefungwa kufuli ukutani kama kawaida ya mji huu.

Baba Salma sasa anataka ya mbele pia. Zipo zinazonyanyua chini ya shokapu za mbele, na zipo zenye pini inayoingia chini ya shingo ya usukani, ambazo zinahitajika ukitaka kuzitoa shokapu zenyewe. Zote mbili hutumika pikipiki ikiwa tayari juu ya stendi ya nyuma, na wakati wa kushusha, mbele inatangulia. Nimemwambia anionyeshe kwanza ni lini mara ya mwisho alitoa tairi la mbele mwenyewe. Bado anafikiri.

Mama wa Pretoria, muulize mwanao mkono wa nyuma wa pikipiki yake ni wa upande mmoja au pande mbili, na mwambie akupigie picha ya mahali anapoiegesha. Nitumie vyote viwili.