Shawa, Tokeni na Hesabu Inayopuuzwa

Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015 na ada ya kuunganishiwa stima ishuke kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nyumba nyingi za Kisii na Nyamira zimeaga koroboi. Pamoja na stima yamekuja maneno. Utayasikia madukani Daraja Mbili, Keroka na Nyamira mjini, na mengine hutoka vinywani mwa mafundi wenyewe. Nayajibu kwa sababu yanawagharimu watu pesa, na lipo moja linaloweza kuwaunguzia nyumba.

“Shawa inamaliza tokeni kwa kuwa koili yake ina ukinzani mkubwa.” Ni kinyume chake. Kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827 ni nyepesi: gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, upate nguvu kwa wati. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240, iwe umewasha balbu au shawa. Balbu ya zamani ya wati 60 huvuta ampea 0.25, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 960. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.3, na ukinzani wake ni kama omu 29. Shawa ya wati 5,400 huvuta ampea 22.5, na ukinzani wake haufiki hata omu 11. Kadiri ukinzani unavyopungua, ndivyo mkondo unavyozidi na tokeni zinavyokwisha. Dakika kumi za kuoga asubuhi ya baridi kule Borabu ni uniti 0.9.

Najua kosa hili linatoka wapi. Shuleni tulifundishwa kwamba waya wenye ukinzani mkubwa ndio unaopata joto zaidi. Hilo ni kweli pale ambapo mkondo uleule unapita katika nyaya zote mbili, moja baada ya nyingine. Vifaa vya nyumbani havikuunganishwa hivyo. Kila kimoja kinapata volti 240 zake.

“Nimepima balbu kwa mita na hesabu imekataa.” Huyu namheshimu, maana amepima. Balbu ya wati 60 ikiwa baridi huonyesha omu 70 hivi. Ukizipigia hesabu kwa volti 240 unapata zaidi ya wati 800, jambo lisilowezekana. Lakini kanuni haijavunjika. Uzi wa ndani ni wa tangsteni, na ukiwaka hufika zaidi ya nyuzi 2,000 za selisiasi. Katika joto hilo ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Pima volti na ampea balbu ikiwa inawaka, kisha gawanya, utazipata zile omu 960. Mita iliyowekwa kwenye balbu iliyozimwa imepima hali nyingine kabisa.

“Waya ni waya, mradi stima inafika.” Hapa ndipo ninapowaomba watu wa kwetu wasimame. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa taa, una ukinzani wa kama omu 12 kwa kilomita. Kutoka kwenye mita hadi bafu la nje tuseme ni mita 20, kwenda na kurudi mita 40. Hiyo ni karibu omu 0.48, na fundi ataiona si kitu. Sasa pitisha ampea 22.5 za shawa. Volti karibu 11 zinapotea njiani, na 11 mara 22.5 ni takriban wati 245 za joto, zote ndani ya ukuta au juu ya dari ya mbao. Kwa waya wa milimita mraba 6, joto hilo hushuka hadi wati 60 na kitu. Tofauti ya bei ya nyaya hizo mbili ni ndogo mno mbele ya nyumba nzima. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, na umwambie akupigie hesabu hii mbele yako.

“Stima ikishuka jioni, mita hukimbia zaidi.” Kwa birika, sivyo. Vijiji vyetu vimetapakaa migongoni mwa vilima, na nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, inaweza kupata volti 180 wakati kila mtu anapika. Birika la omu 28.8 litavuta ampea 6.25 na kutoa wati 1,125 tu. Maji yatachelewa kuchemka karibu mara mbili, na jumla ya uniti itakaribia ileile, ikizidi kidogo kwa joto linalopotea katika kungoja.

Lakini mwenye kinu cha kusaga wimbi ana haki ya kulalamika. Mota iliyobeba mzigo uleule, volti zikishuka, huvuta ampea zaidi, na koili zake huungua. Wala huwezi kuzidisha volti kwa ampea za mota ukadhani umepata wati anazolipia: volti 240 na ampea 10, kwa kipeo cha nguvu (power factor) cha 0.8, ni wati 1,920, si 2,400. Kipeo hicho kwa kawaida huandikwa kwenye kibao cha mota, karibu na volti na ampea.