Aliyeibadili Maktaba Amekuwa Mtunzi Wake

Maktaba, kwa watunzi wa programu za kompyuta, si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa programu ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mtunzi mwingine huzitumia katika kazi yake bila ya kuziandika upya. Nyingi kati ya hizo ni huria: maandishi yake yako wazi, na yeyote aruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Nauunga mkono uhuru huo kwa moyo wote. Lakini pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha madarasani: aliyeibadili maktaba kisha akaisambaza amekwisha kuwa mtunzi wake, apende asipende.

Tuutazame mkasa wa Debian. Huu ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotungwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Hutumia maktaba iitwayo OpenSSL, ambayo kazi yake ni kuyageuza maandishi kuwa fumbo ili barua na fedha za watu zipite salama. Mwaka 2006 chombo cha kukagulia programu, Valgrind, kilikuwa kikilalamika kwamba maktaba hiyo yasoma sehemu za kumbukumbu ambazo hazijaandikwa kitu. Mtunzaji wa upande wa Debian aliwauliza wahusika wa OpenSSL juu ya kuondoa mistari miwili, hakupata upinzani, akaiondoa. Mwezi Septemba toleo lililobadilishwa likaanza kusambazwa.

Mistari hiyo ilifanana kama mapacha. Mmoja ungeweza kuondolewa bila ya madhara. Wa pili ndio uliokuwa mlango wa kuingizia nasibu, yaani ile hali ya kutotabirika ambayo pasipo hiyo hapana ufunguo wa siri. Mlango ulipozibwa, kilichobaki cha kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya utambulisho wa kazi inayoendeshwa ndani ya kompyuta, nayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Mwanafunzi wa hisabati ataitambua: ni 2 kwa kipeo cha 15. Kwa hiyo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, mwizi mwenye kujaribu funguo 10 kwa sekunde angezimaliza zote kabla ya saa moja kwisha.

Ila hiyo iligunduliwa na Luciano Bello, ikatangazwa tarehe 13 Mei 2008. Kuirekebisha maktaba hakukutosha. Kila ufunguo uliozaliwa katika miezi ile ishirini ulipasa kutupwa. Hata funguo za aina ya DSA zilizotengenezwa kwingine kwa usalama, maadamu zilitumiwa katika kompyuta yenye toleo lile, zilihesabiwa kuwa zimevuja.

Wako wasemao kwamba dawa ni kutogusa kazi ya wengine. Sikubaliani nao hata kidogo, wala simlaumu mtunzaji yule, ambaye angalau aliuliza. Kosa ni kwamba badiliko lenyewe lilibaki katika nyumba moja, halikurudishwa kwa watunzi wa asili wakalisoma mstari kwa mstari. Na majaribio ya kawaida yasingelifichua, maana namba zilizotoka zilionekana za ovyo vilevile kama zamani.

Basi mwanafunzi wa chuo chetu anapobadili maktaba na kuiweka katika kompyuta za ofisi fulani, namtaka alipe toleo lake jina la pekee, tofauti zake aziweke katika faili la peke yake pamoja na sababu, na nakala aipeleke kwa wenye maktaba. Huambiwa huo ni urasimu. Lakini toleo jipya la asili litakapotoka, na hutoka mara kwa mara ili kuziba matundu, yule atakayekuwapo ofisini ataliwekaje bila ya kujua ni nini kilichobadilishwa katika lile la zamani? Mara nyingi ataogopa kuligusa, na la zamani litaendelea kufanya kazi pamoja na matundu yake.