Gari limebonyea kidogo, mtoto je?

NI asubuhi ya foleni Mwenge, Dar es Salaam. Gari la mbele limesimama, la nyuma halikuwahi. Kishindo kimoja, bampa limebonyea, taa imepasuka. Madereva wanashuka, wanapiga picha, wanabishana nani alipe. Muda unapita ndipo mtu anakumbuka kuuliza, "Watoto mko salama?" Wanaitikia kwa kichwa, safari ya shule inaendelea.

Jibu hilo halitoshi. Mtoto aliyeshtuka hasemi kila kitu, na mwili ukiwa kwenye hofu hutoa homoni ya adrenalini ambayo huweza kuficha maumivu kwa muda. Hata mtu mzima anaweza kutembea vizuri siku ya ajali, kesho yake akashindwa kugeuza shingo.

Papo hapo, zima injini, washa taa za tahadhari na uwashushe watoto upande usiopita magari. Wengine huumia kwa gari la pili, si la kwanza. Lakini anayelalamika shingo au mgongo, au anayehisi ganzi mikononi au miguuni, asivutwe wala kunyanyuliwa, labda gari liwe linawaka moto. Wasamaria wema wa barabarani wana haraka ya kuvuta watu. Wazuie kwa upole. Piga 112.

Kichwa ndicho cha kuangaliwa zaidi. Aliyejigonga kwenye kioo au kiti cha mbele afuatiliwe kwa saa 48. Akitapika zaidi ya mara moja, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akizungumza yasiyoeleweka, akiyumba, akipata degedege, mboni za macho zikipishana ukubwa, au majimaji meupe au damu vikitoka puani au masikioni, ni hospitali wakati huohuo, hata kama ni saa nane usiku. Kwa mchanga, angalia utosi uliovimba, kilio kisichobembelezeka na kukataa kunyonya.

Bibi wengi husisitiza mtoto asilale kabisa baada ya kugonga kichwa. Kumnyima usingizi hakumsaidii. Akiwa mzima na muda wake wa kulala umefika, alale, ila mwamshe mara moja au mbili usiku uone kama anakutambua na kujibu. Asipoamka kama kawaida yake, usisubiri kuche.

Usiku wa kwanza mvue nguo umkague. Michubuko ya mkanda kifuani mara nyingi hupona yenyewe, lakini alama ya mkanda ikipita tumboni, au tumbo likiuma na kuwa gumu, apelekwe akapimwe, kwa sababu utumbo, ini au bandama huweza kujeruhiwa bila damu kuonekana nje. Aliyekuwa amepakatwa kiti cha mbele bila mkanda (na bado wapo wengi) apelekwe tu, hata kama anacheza.

Mama mjamzito naye asijipe moyo. Mtikisiko mdogo unaweza kuachanisha kondo la nyuma na mfuko wa uzazi. Aende akapimwe siku hiyohiyo. Akiona damu, tumbo likikaza, au mtoto akipunguza kucheza, ni dharura.

Kwa maumivu ya kawaida, paracetamol kwa kipimo cha uzito wa mtoto inatosha. Aspirini asipewe. Shingo iliyokaza isikandwe kwa nguvu wala kunyongwa "irudi mahali pake". Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa siku ya kwanza, kisha aigeuze taratibu mwenyewe.

Halafu kuna ile tabia ya kuyamaliza kienyeji. Mnakubaliana laki moja ya bampa, mnapeana mikono, kila mtu anashika njia yake. Usiku mtoto anaanza kutapika, mnafika hospitali mnaulizwa PF3, na simu ya yule dereva haipatikani. Fomu hiyo hutolewa polisi kwa majeruhi wa ajali, na madai ya bima huhitaji taarifa ya polisi. Bima ndogo, ile ambayo sheria inamtaka kila mwenye gari awe nayo, ndiyo inayogusa majeraha ya watu wengine. Kwa hiyo kabla ya kuachana piga picha ya namba ya gari, leseni na taarifa za bima, kisha ripoti kituoni hata kama hakuna aliyechubuka. Mgonjwa akiwa na hali mbaya, hospitali kwanza, fomu mzazi mwingine ataifuata.

Siku zinazofuata mtoto anaweza kuota ndoto mbaya, kukojoa kitandani wakati alishaacha, au kulia akiambiwa apande gari. Asichekwe wala kuchapwa. Mwache asimulie ajali mara nyingi anavyotaka, hata kwa kuchora au kugonganisha vigari vyake. Wengi hutulia ndani ya wiki chache. Ukipita mwezi bado hali ni ileile, mweleze daktari, naye atawaelekeza kwa mshauri nasaha.